Lori likiharibika njiani: jinsi ya kuepuka kulanguliwa gereji

Matengenezo ya njiani ni moja ya gharama zinazokula faida ya wasafirishaji wa mizigo kati ya nchi jirani. Lori likiharibika mbali na nyumbani, dereva hana fundi anayemfahamu, hajui bei ya spea za mahali hapo, na mwenye mzigo anapiga simu kila saa. Fundi huyaona hayo yote kabla hata ya kugusa injini.

Kwa mzigo wa transiti hali ni ngumu zaidi. Kontena limefungwa lakiri ya forodha, na mzigo hauwezi kuhamishiwa gari jingine bila idhini ya forodha. Hivyo dereva hukubali bei yoyote ili mradi gari litembee.

Hasara huanzia wapi?

Wengi hudhani kulanguliwa ni kutozwa ufundi ghali. Hasara kubwa zaidi ni kubadilishiwa kifaa ambacho hakikuwa kibovu.

Chukua mfano wa lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali, likachemsha kwenye mlima Sekenke, mkoani Singida. Fundi anaweza kusema gasket imeungua na injini lazima ifunguliwe. Huenda ni kweli. Lakini lori huchemsha pia kwa sababu mpira wa maji umepasuka, mkanda wa feni umelegea, thermostat imekwama au rejeta imeziba. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji kufungua injini.

Gasket iliyoungua mara nyingi huwa na dalili zake: mafuta ya injini hubadilika yakafanana na chai ya maziwa, moshi mweupe hutoka mfululizo, au maji hupungua bila kuonekana yanapovuja. Fundi aombwe kuonyesha dalili hizo.

Kadhalika, injini ikikosa nguvu, chujio la dizeli na hewa iliyoingia kwenye mipira ya mafuta vikaguliwe kabla ya kubadili pampu. Betri isipochaji, uangaliwe kwanza mkanda na nyaya, kisha ndipo altaneta.

Mambo ya kukubaliana kabla ya kazi kuanza

1. Ukaguzi ulipiwe peke yake. Fundi alipwe kwa kutafuta ubovu, iwe kazi atapewa yeye au mwingine. Akilipwa hivyo, hana sababu ya kutafuta faida kwenye spea isiyohitajika.

2. Mwenye gari azungumze na fundi mwenyewe kwa simu. Dereva atume picha ya kifaa na namba yake, ili bei iulizwe kwenye maduka ya Dar es Salaam, Mombasa au Kampala. Tofauti kidogo ni ya kawaida kwa sababu ya usafiri. Bei ikiwa mara mbili au tatu, ipo haja ya kuuliza.

3. Makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: kazi gani, spea ni mpya au ya mtumba, nani anainunua, na ufundi ni kiasi gani.

4. Sarafu itajwe. Katika mipaka kama Namanga na Malaba, kusema "shilingi elfu hamsini" hakutoshi. Shilingi moja ya Kenya ina thamani ya zaidi ya shilingi kumi za Tanzania au za Uganda.

5. Kazi ya ziada isifanywe bila mwenye gari kukubali.

6. Pesa ya spea ilipwe dukani moja kwa moja, na ufundi umaliziwe baada ya gari kujaribiwa barabarani. Spea ya zamani irudishwe kwa dereva.

7. Risiti idaiwe. Wafanyabiashara waliosajiliwa hutoa risiti za kielektroniki: EFD Tanzania, eTIMS Kenya, EFRIS Uganda na EBM Rwanda. Risiti hiyo husaidia spea ikifa mapema, na pia katika hesabu za kodi.

Si kila bei kubwa ni ulanguzi

Fundi anayetoka mjini usiku na vifaa vyake kulifuata lori porini anastahili malipo ya safari hiyo. Muhimu ni kutaja kiasi hicho kabla hajaondoka, kikiwa mbali na bei ya kazi yenyewe.

Kinga bora huanza kabla ya safari. Gari libebe mkanda wa feni, chujio la dizeli na mipira ya maji ya akiba. Dereva awe na namba za mafundi wanaoaminika katika miji ya njiani, pamoja na kiasi anachoruhusiwa kuidhinisha peke yake. Kikizidi hapo, apige simu kwanza. Dereva mwenye maagizo hayo hawi peke yake mbele ya fundi, hata akiwa amekwama porini.