Kwa Nini Simu Inazima Ikiwa Bado na Asilimia 15?

Uko sokoni Murang'a mjini, ndizi zimeshafungwa. Chaji ni asilimia 15. Unaweka PIN, unatuma, na simu inazima. Muuzaji anakutazama. Je, pesa imeenda?

Simu yako haijaingiliwa na mtu. Betri imechoka tu.

Simu nyingi zina betri ya lithiamu, aina iliyoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991. Ukichaji, chembe za lithiamu huhamia upande wa pili wa betri. Ukitumia simu, hurudi. Katika kila safari, chache hunaswa kwenye utando mwembamba unaoota ndani, na hazifanyi kazi tena. Utando huo ukikua, umeme nao hupita kwa shida. Simu inapotuma pesa huhitaji umeme mwingi kwa ghafla, na betri iliyochoka hushindwa.

Wataalamu hujuaje haya? Huijaza betri na kuimaliza tena na tena, wakipima kila mara imebeba kiasi gani. Betri nyingi za simu hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 hivi. Ukitumia nusu ya chaji leo na nusu kesho, huo ni mzunguko mmoja. Vipimo hivyo vinaonyesha pia kwamba joto huizeesha betri haraka, hasa ikiwa imejaa. Baridi ya asubuhi kule Kangema huipunguzia nguvu kwa muda tu.

Kwa hivyo:

- Usiiache simu kwenye jua kali la Kenol, iwe ni kwenye bodaboda au kaunta ya wakala.
- Usichaji simu ikiwa chini ya mto.
- Ukiweza, chaji kati ya asilimia 20 na 80.
- Simu ya akiba iweke ikiwa na nusu chaji.
- Betri ikivimba, usiitoboe wala kuichaji. Mpelekee fundi.

Na simu ikizima katikati ya malipo, tulia. Pesa yako iko kwenye akaunti, haiko kwenye betri. Usikimbilie kulipa mara ya pili. Washa simu, soma ujumbe, angalia salio, ndipo uamue. Na yeyote asikuombe PIN eti akusaidie.