Waifai imefungwa mbele, mlango wa uani uko wazi

Ukimuuliza mtu iwapo waifai yake iko salama, atakwambia ndiyo, ina nywila. Jibu hilo nilipewa Timau mwezi uliopita, nilipokwenda kumjulia hali mpwa wangu anayefanya kazi katika shamba la maua. Ploti anayokaa ina vyumba kumi na viwili na ruta moja, iliyotundikwa juu ya mita ya stima, na mwenye ploti huwauzia wapangaji intaneti kwa mwezi. Kwa ruhusa yake nilifungua kivinjari cha simu, nikaandika 192.168.1.1. Ukurasa ukaja ukitaka jina na nywila. Nikaandika admin, na chini yake admin tena. Nikaingia.

Ruta ina nywila mbili, na wengi wetu twaijua moja tu, ile tunayopeana. Ya pili ni ya ukurasa wa usimamizi, ambao fundi huutumia siku ya kuifunga ruta, kisha husahauliwa. Ni kama nyumba ya Mji wa Kale: mlango wa mbele umechongwa na kutiwa misumari ya shaba, na wa uani umeegeshwa tu.

Aliyeingia humo anaweza kukubadilishia nywila ya waifai, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni DNS, yaani daftari ambalo simu hulitazama ili kujua jina la tovuti liko kwenye namba gani. Mtu akibadilisha mstari mmoja wa daftari hilo, wewe utaandika jina la benki yako sawasawa, herufi kwa herufi, na utapelekwa kwake.

"Mimi sina adui hapa," mwenye ploti aliniambia. Adui hana haja ya kufika Timau na baridi yake. Baadhi ya ruta huuonyesha ukurasa huo kwenye intaneti nzima, na programu za wahalifu huzunguka usiku na mchana zikibisha kila anwani. Hata usipoonekana nje, mpangaji mmoja akifungua tovuti ya hila, tovuti hiyo yaweza kukitumia kivinjari chake, ambacho tayari kiko ndani, kuipa ruta amri.

Na nywila nzuri peke yake haitoshi, kwa sababu ukurasa wenyewe ni programu, na programu huwa na kasoro. Brazil, mwaka 2011, wahalifu walitumia kasoro ya namna hiyo kuchukua nywila za modemu na kubadilisha DNS. Modemu takriban milioni 4.5 ziliathirika, na watu wakapelekwa kwenye tovuti bandia. Mwaka 2018 ikagunduliwa programu hasidi iliyoitwa VPNFilter katika vifaa visivyopungua 500,000, nchi 54 au zaidi, hata FBI ya Marekani ikawaomba watu wazime ruta zao na kuziwasha upya.

Wapangaji waliniuliza kuhusu M-Pesa. Ile ya menyu ya laini hupita mtandao wa simu, si waifai, kwa hivyo ruta haiigusi. Kwa tovuti za benki, kivinjari kikikuonya kwamba si salama, toka. Usibonyeze kuendelea eti una haraka.

La kufanya si la fundi. Ingia kwenye ukurasa huo, weka nywila ndefu isiyofanana na ya waifai, zima usimamizi wa kutoka mbali, kisha tafuta palipoandikwa sasisho. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, usifunge kivinjari tu. Ruta iliyoachwa na kiwanda, isiyopata sasisho tena, ni ya kubadilishwa hata kama taa zake zawaka vizuri. Uingereza, tangu Aprili 2024, sheria yakataza kuuza vifaa vyenye nywila rahisi za kiwandani. Kwetu mzigo bado ni wa mnunuzi, na kwa maoni yangu si haki, maana anayeuza ndiye anayejua.

Lakini jaribu ruta yako tu. Dini imetufunza kubisha hodi, na sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandao yampa anayeingia kifaa cha mtu bila idhini faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili.