Chuo Ambamo Mama Husoma Pamoja na Mwanawe

Wazazi wasomaji, labda nyumbani mwenu yumo binti aliyeacha shule kwa sababu ya uja uzito, au kijana aliyeshindwa mtihani na sasa anashinda bure. Mmekwisha kusema, "Huyu masomo yake ndiyo basi." Hebu ngojeni kidogo.

Hapa hapa Mbulu, kwa sisi watu wa Daudi si mbali, kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, Tango. Vyuo vya namna hii nchini petu ni 54, na desturi zake si zile za shule tulizozoea. Kushindwa mtihani hakumfungii mtu mlango. Hujifunza useremala, uashi, ushonaji, upishi, kilimo.

Wazo lenyewe lilitoka mbali. Mchungaji mmoja wa Kilutheri wa Denmark, jina lake Grundtvig, alichukizwa na shule za kukariri tu. Mwaka 1844 chuo cha kwanza kikafunguliwa Rødding. Vijana wa wakulima walikuja wakati wa baridi, kazi za shamba zikiwa zimepungua, wakakaa na walimu wao, wakaimba, wakajadiliana mambo ya nchi, pasipo mtihani wala cheti! Sweden wakaiga mwaka 1868. Mwalimu Nyerere alivipenda vyuo vya Waswidi, na kwa msaada wao vyetu vikaanza mwaka 1975. (Siku hizi mafundi wetu hufanya mitihani, maana waajiri wanataka cheti.)

Lakini jambo ambalo zamani tungaliliona kituko ni hili: katika mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, binti huja chuoni na mtoto wake. Mtoto hulelewa pale pale mama akiwa darasani, naye husoma masomo ya sekondari na ufundi pia. Ni kweli, Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua waweza kurudi katika shule za kawaida. Ila mwenye miaka 20 na mtoto mgongoni huona haya kuketi na wadogo zake. Chuoni atawakuta wenziwe.

Basi, kabla ya kuuza mbuzi, nendeni Tango mkaulize: ada kiasi gani, nafasi ya bweni ipo, mtoto hupokelewa akiwa na umri gani, na ufundi upi una mwalimu na vifaa mwaka huu. Mchukueni binti mwenyewe. Wala msimchagulie cherehani hamjamwuliza. Pengine anataka kushika msumeno.