Mkimbiaji Aliyeshika Upinde



Siku chache zilizopita tulikwenda Chaani kumzuru kijana ambaye kabla ya Ramadhani iliyopita alikuwa winga wa timu ya mtaa. Pikipiki aliyopanda iligongwa na lori la makontena, uti wa mgongo ukaumia, na tangu siku ile miguu yake haimtii tena. Tulimkuta kitandani, chumba kimejaa wageni, kila mmoja akizungumza kwa sauti ya msibani. Tukasoma dua, kisha tukamwambia yale tuwaambiayo wagonjwa wote: "Mwanangu, subiri." Akaubusu mkono wetu kwa adabu, akauliza, "Sheikh wangu, kwani subira ndiyo kulala?"

Tulinyamaza. Tukarudi nyumbani na swali lake kifuani, na usiku ule tukamkumbuka mtu mmoja wa Uhabeshi, jirani zetu wa kaskazini.

Jina lake ni Abebe Bikila, askari wa kikosi cha walinzi wa mfalme Haile Selassie. Tarehe 10 Septemba 1960, mjini Roma, alikimbia marathoni ya Olimpiki bila viatu na kushinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Miaka 4 baadaye, mjini Tokyo, alishinda tena, safari hii akiwa na viatu, ilhali zilikuwa zimepita wiki chache tu tangu apasuliwe kidole tumbo. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 gari lake dogo la Volkswagen lilipinduka. Mtu aliyejulikana ulimwengu mzima kwa miguu yake akaikosa miguu hiyo. Hapo mwanzo hata mikono ilikuwa haimtii. Baadaye, kwa rehema za Mola, nguvu za mikono zikarejea. Miguu haikurejea.

Alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, na hapa tunaomba tukae kidogo, maana ndipo penye faida kwa wenye wagonjwa. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, aliyekuwa amekimbilia Uingereza kutoka Ujerumani ya akina Hitler, alifungua hapo wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo. Zama hizo mgonjwa wa namna hiyo alilazwa tu akingojea ajali yake, na wengi walikufa kwa vidonda vya kulalia na maradhi ya njia ya mkojo. Guttmann aliamuru wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana. (Mama zetu na dada zetu mnaouguza, lishikeni hili: pale pasipo na hisia, kidonda huanza bila mgonjwa kusikia maumivu. Mtazameni kiunoni, matakoni na visiginoni kila siku.) Kisha akawatoa vitandani na kuwapa michezo. Tarehe 29 Julai 1948 watu 16 wenye viti vya magurudumu walishindana hapo kwa upinde na mshale. Mashindano yakakua mpaka mwaka 1960 yakafanyika Roma, siku 8 tu baada ya Bikila kushinda kwa miguu mitupu katika mji huohuo. Watu 400 kutoka nchi 23 walikuja na viti vyao. Leo tunayaita Paralimpiki.

Bikila hakujua wakati ule kwamba siku moja angekuwa miongoni mwao. Mwaka 1970 alishika upinde kwenye michezo ya Stoke Mandeville, akacheza na tenisi ya meza. Mwaka 1971 alikwenda Norway, akashindana juu ya theluji kwa sleji inayokokotwa na mbwa, akashinda. Fikirini, mtu wa Uhabeshi kwenye theluji! Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41, bila kutembea tena.

Bikila alikuwa Mkristo, nasi hatumfanyi kuwa asivyokuwa. Lakini imepokewa kwake kwamba ushindi wake aliuona ni matakwa ya Mungu, na ajali yake vilevile, akaridhia yote mawili na kuendelea kuishi kwa furaha. Sisi tunaowafundisha watoto nguzo ya sita ya imani tangu chuoni, tukiyasikia maneno hayo, tunaona haya kidogo. Mara ngapi tumeitaja kadari ili mtu anyamaze, wala si ili ainuke?

Na jambo la upinde lilitugusa. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Uqba bin Amir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliifasiri ile nguvu iliyotajwa katika Suratul Anfal kuwa ni ulengaji wa mishale. Ulengaji hutaka jicho, pumzi na mkono uliotulia. Na Imran bin Husayn (R.A.), alipouliza kuhusu sala akiwa mgonjwa, aliambiwa asali kwa kusimama, akishindwa, kwa kukaa, akishindwa, kwa ubavu. Mlango mmoja ukifungwa, sharia yafungua wa pili, lakini ibada haiondoki. Tena imo katika Bukhari kwamba mgonjwa huandikiwa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima. Atakayemwambia kijana kwamba mambo yake yamekwisha, ameitoa wapi hukumu hiyo?

Tusidhani haya ni ya Ulaya peke yake. Hapa petu Port Reitz ipo shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo, na kule Bombolulu, tangu mwaka uleule wa 1969, ipo karakana ambamo watu wenye ulemavu hufanya kazi za ufundi na kula jasho lao.

Tulirudi Chaani Jumapili, tukamwomba radhi kijana wetu. Mamake alitusikiliza, kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia: yeye ndiye aliyekuwa akimzuia kutoka, kwa kuogopa macho ya watu. Alasiri ile nduguze walimpeleka kiwanjani. Magurudumu yalizama mchangani mara mbili, wakalibeba kiti na mwenyewe ndani yake. Akakaa kando ya mstari akiwapigia kelele mabeki wadogo mpaka sauti ikamkauka.

Kisha ikaingia Magharibi, akataka kusali jamaa. Msikiti wetu una ngazi 5 mlangoni, na mlango wa kutilia udhu ni mwembamba kuliko kiti chake. Miaka yote tumezipanda ngazi zile bila kuzihesabu. Vijana 4 wakambeba. Alipowekwa safuni alitunong'oneza kwamba kesho angependa kuingia mwenyewe.

Fundi amekwisha kuja kupima. Mifuko ya saruji haijatimia.