Siku Moja Lyon, Mji wa Vilima Viwili

Sote twaijua ile sadaka ya Jumapili ya Misioni, ikusanywayo kila mwaka katika mwezi wa Oktoba. Sisi tumeitoa tangu utotoni, wala hatukuuliza desturi hiyo ilizaliwa wapi. Juzi tulijaliwa kukaa siku moja katika mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa, pamoja na Padri mmoja wa kwetu, na huko tukaonyeshwa mahali penyewe.

Mfukoni mwa koti tulikuwa na noti moja ya franka 500 za Kongo. Mama mzee wa parokia yetu, mwenye kuuza sambaza kando ya ziwa Kivu, alitukabidhi siku ya kuagana. «Mwalimu, alisema, ukifika kwa yule dada aliyeanza mchango wa misioni, mpe hii. Sisi tulipokea tu.» Tuliipokea kwa mikono miwili, lakini, tuungame ukweli, moyoni tulicheka kidogo.

Lyon ni mji wa mito miwili, Rhône na Saône, na juu yake vimesimama vilima viwili. Wenyeji husema ya kuwa kilima cha Fourvière husali, na kile cha Croix-Rousse hufanya kazi, kwa sababu huko ndiko walikokaa wafumaji wa hariri. Mtu wa Bukavu hawezi kushangazwa na miinuko. Ila huko, badala ya kutoka jasho, waingia katika gari linalovutwa mlimani kwa kamba ya chuma. Watu wa Lyon waliliita «kamba» tu, basi. Mwaka 1862 waliweka la kwanza upande wa Croix-Rousse, kabla ya miji mingine yote ya dunia. Hilo limekwisha kufungwa, walakini la Fourvière lingali likipanda, nasi tulilipanda asubuhi na mapema kwenda kusikiliza Misa.

Kanisa la Mama Bikira Maria lililo juu ya kilima ni zawadi ya nadhiri. Mwaka 1870 majeshi ya Prussia yalikuwa yakisonga mbele, na waamini wakaahidi kumjengea Bikira kanisa iwapo mji utasalimika. Jiwe la kwanza liliwekwa mwaka 1872, likatabarukiwa mwaka 1896. Lina minara minne mifupi pembeni, hata wenyeji hulitania kwamba ni tembo aliyepinduliwa, miguu juu. Padri alilitazama kwa muda mrefu. «Mwalimu, akasema, sisi tulio na tembo hatukuwahi kumwona wa namna hii.»

Tukateremka kwa miguu hata nyumba iitwayo Lorette, alimokaa Pauline Jaricot. Huyu alizaliwa Lyon mwaka 1799, binti wa mfanyabiashara wa hariri. Akiwa bado kijana aliwagawa wafanyakazi na marafiki katika makundi ya watu kumi kumi, kila mtu atoe senti moja kwa juma na kuwaombea wamisionari. Ndiyo mbegu ya Shirika la Kueneza Imani, lililoundwa mwaka 1822. Baadaye alitaka kuwapatia wafanyakazi kiwanda ambamo wangeishi kikristu; akadanganywa na watu aliowaamini, fedha zikapotea, na miaka yake iliyobaki akaitumia kulipa madeni. Alikufa mwaka 1862, ameandikwa katika orodha ya maskini. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri tarehe 22 Mei 2022, humo humo Lyon.

Saa sita tulikuwa na njaa. Tuliingia katika nyumba ndogo ya chakula, zile ziitwazo «bouchon», zenye meza zilizobanana. Tulikula quenelle, yaani samaki wa mtoni aliyepondwa pamoja na unga, mayai na siagi, laini kama ugali wa mgonjwa, ndani ya mchuzi mzito. Matumbo nayo yalikuwapo: kumbe chakula cha wafumaji maskini kilikuwa kama chetu! Kisha wakaleta sahani iitwayo «ubongo wa mfumaji», na Padri akaisukuma mbali, mpaka mtumishi alipomweleza kwamba ni jibini changa tu, yenye vitunguu na majani mabichi. Akaimaliza yote.

Hesabu ilipoletwa, ilikuwa euro 26 kwa kila mtu. Tulipotafuta mfuko wa fedha, mkono ukagusa ile noti. Sambaza za siku ngapi? Hatukuzungumza tena mpaka tulipovuka mto Saône.

Pauline amezikwa katika kanisa la Saint-Nizier. Hapo Padri alitoa shauri jema: tutie euro moja katika sanduku, noti tuirudishe, kwa maana hakuna benki huko itakayoibadilisha. Shauri lilikuwa na akili, nasi tulikaribia kulifuata. Lakini mama yule hakututuma euro. Tuliikunja noti mara nne, tukaitia. Padri naye akatia yake, kimya.

Jioni tulipanda mitelemko ya Croix-Rousse hata uwanja wa kale wa Warumi. Mwaka 177 Wakristu wengi wa mji huo waliuawa kwa ajili ya imani, na Blandina, mjakazi, aliteswa katika uwanja huo. Askofu wao, Mtakatifu Pothinus, mzee wa miaka tisini, alikufa gerezani. Leo umesimama nguzo moja tu katikati, na majani yameota juu ya mawe. Padri alikaa chini kupumzisha magoti yake.

«Mama atauliza kama imefika,» alisema.

Tulimjibu kwamba atauliza pia tulikula nini.