Msikilizaji wa Tulia na Programu ya Muziki

Mwezi wa Februari 2021 kampuni ya Spotify, iliyoasisiwa Sweden, ilitangaza kuingia katika nchi zaidi ya 80 kwa mpigo, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwamo, na mwaka huo huo Kiswahili kikatiwa katika orodha ya lugha za programu yake. Ilhali Mdundo, iliyoanza Nairobi mwaka 2013, na Boomplay, ambayo wengi waliikuta imekwisha kuwekwa ndani ya simu zao za Tecno, zilikuwa zimetangulia sokoni zamani. Basi mtu wa Tulia, huko Kitui, hana uhaba wa programu za muziki. Anachokosa ni programu ambayo mtengenezaji wake aliwahi kuketi kando yake, akanyamaza, akatazama jinsi anavyoutafuta wimbo aupendao. Na kutazama huko ndiko wataalamu wanakokuita utafiti wa watumiaji.

Wengi hudhani utafiti huu ni kugawa karatasi za maswali. La hasha. Mgeni akifika kijijini na simu mkononi, akauliza kama programu yake inafaa, mwenyeji muungwana atamjibu kwamba inafaa sana, madhali adabu haimruhusu kuitia ila kazi ya mtu mbele ya macho yake, na huenda amekwisha kumkaribisha chai. Hivyo mgeni hurudi mjini na sifa tele zisizo na faida. Mtafiti mwenye maarifa hatafuti sifa. Humpa mtu simu, akamwomba autafute wimbo fulani na kuuhifadhi ili ausikilize baadaye pasipo bando, akamsihi aseme kwa sauti kila linalompitia moyoni, kisha yeye mwenyewe akaufunga mdomo wake. Kidole kinapositasita juu ya kioo, au kinapobonyeza picha kikidhani ni kitufe, hapo pana kasoro, na kasoro hiyo ni ya chombo, si ya mtu.

Kenya ina ushahidi mkubwa wa faida ya kazi hii, japo hautoki katika muziki. Mwezi wa Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom, pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya, walianza kuwajaribia wateja wachache, wasiofika 500, huduma ya kulipa mikopo midogo kwa simu. Waliokuwa wakiiangalia kwa makini waligundua kuwa watu wanaitumia kwa mambo ambayo hakuna aliyeyapanga: mmoja aliweka fedha mahali pamoja akazitoa mahali pengine ili asisafiri nazo mfukoni, mwingine aliifanya sanduku la kuhifadhia mauzo ya mchana hadi asubuhi, na wengine walinunua salio wakawarushia jamaa zao mashambani, kana kwamba salio lile ni fedha taslimu. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, mkopo haukuwa tena habari yake kuu. Iliyotangazwa ni kuwatumia fedha watu wa nyumbani. Yamkini wangelishikilia mpango wa kwanza, leo tungelikuwa tunaikumbuka kwa shida.

Sasa turejee Tulia, huko Ukambani, tuulize ni wapi mtafiti wa muziki angeketi. Kwa rai yangu asiketi hotelini, bali kwenye kile kibanda cha sokoni ambamo kijana mwenye kompyuta huwajazia watu nyimbo katika memori kadi na flashi kwa malipo kidogo, ili wakazisikilize katika simu ya kabambe au katika redio yenye tundu la flashi. Kijana yule ndiye mshindani wa kweli wa Spotify, na ni mwalimu vilevile. Mteja hamtajii jina la wimbo. Humwambia nipe zile za zamani za Kakai, au ule wa arusi uliopigwa redioni jana jioni, au huimba kipande cha kiitikio, naye kijana akafahamu mara moja. Programu aghalabu haifahamu. Mara nyingi hutaka jina lenyewe kwa herufi sahihi, hali Kakai Kilonzo, nguli wa muziki wa benga wa Kikamba aliyefariki mwaka 1987, aweza kuandikwa kwa jina lake mwenyewe, au kwa jina la bendi, Kilimambogo Brothers, na pengine kwa neno la Kifaransa, Les, limetangulizwa mbele.

Na herufi zenyewe zina kazi. Kikamba huandikwa kwa ĩ na ũ zenye alama juu yake, lakini walio wengi huziacha alama hizo wanapoandika kwa simu, na hata redio ya Musyi FM hujiandika bila alama. Programu isiyozihesabu ũ na u kuwa kitu kimoja wakati wa kutafuta humjibu mtu kwamba wimbo haupo, na wimbo upo. Fauka ya hayo, santuri za zamani ziligawa wimbo mmoja pande mbili. Mpenzi wa benga huingojea sehemu ya pili, ambamo gitaa hushika kasi, kumbe programu humpeleka kwenye wimbo wa mtu mwingine kabisa. Kasoro kama hizi haziwezi kuonekana ofisini Nairobi, hata mwenye kuzitafuta awe na shahada ngapi.

Liko pia suala la gharama. Sauti inayopelekwa kwa kilobiti 96 kwa sekunde humeza takribani megabaiti 43 kwa saa moja. Ikipunguzwa hadi kilobiti 24, hazifiki 11. Spotify walilitambua hili mwaka 2019 walipotoa Spotify Lite, programu ya megabaiti kama 10 hivi, iliyomwezesha mtu kujiwekea mpaka wa data. Lakini katika programu nyingi chaguo la kupunguza matumizi ya data limefichwa ndani ya mipangilio, asikokwenda mtu.

Kazi hii haina gharama ya kutisha. Jakob Nielsen, mtaalamu wa Kidenmaki, aliandika mwaka 2000 kwamba kila mtu mmoja anayejaribiwa hufichua wastani wa asilimia 31 ya kasoro, na watano hufichua karibu asilimia 85, hivyo ni afadhali kujaribu watu watano, kurekebisha, kisha kujaribu watano wengine, kuliko kukusanya kumi na tano siku moja. Ila aliweka sharti ambalo aghalabu husahauliwa: watu wa namna mbalimbali wajaribiwe mbalimbali. Watano wa Nairobi hawawezi kuwasemea watano wa Tulia.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapofikiwa na kijana mwenye simu na daftari, akikuomba utafute wimbo mbele yake, tafadhali usimsitiri. Ukikwama, mwambie umekwama, na umwonyeshe mahali penyewe.