Je, Wajua? Umeme wa Upepo kutoka Kitovu cha Gari Kuukuu

Je, wajua kwamba fundi wa jua kali pale Sigor, Chepalungu, anaweza kufua umeme wa upepo kwa kitovu cha gurudumu la gari kuukuu? Mtindo huu umeenezwa na Hugh Piggott wa Scotland. Kitovu hubeba sahani mbili za chuma zilizobandikwa sumaku. Kati ya sahani hizo husimama koili za waya wa shaba zilizogandishwa kwa resini. Mapanga matatu huchongwa kwa mbao. Upepo ukiyazungusha na sumaku zikipita mbele ya koili, umeme huzaliwa, kama alivyogundua Michael Faraday mwaka 1831. Daiodi huugeuza kuwa mkondo wa upande mmoja, ukaingia kwenye betri.

Altaneta ya gari yenyewe haifai kufungwa moja kwa moja: hutaka mizunguko zaidi ya 1,000 kwa dakika, nayo mapanga marefu huzunguka mamia machache tu.

Lililo kubwa ni urefu wa nguzo, kwani juu upepo huenda kasi zaidi. Kasi ya upepo ikiongezeka mara 2, nguvu yake huongezeka mara 8! Kinu cha upepo kilichojificha nyuma ya mikalitusi kitakuvunja moyo. William Kamkwamba wa Malawi, akiwa kijana mdogo, alitumia miti ya aina hiyohiyo kujenga mnara, akafunga dainamo ya baiskeli juu yake.

Na huko juu kwenye chai ya Kericho, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 18. Hewa nyepesi hubeba nguvu ndogo, kwa hiyo ongeza urefu wa mapanga kidogo.